Doto Hakufundishwa Kuamka

Saa moja na nusu asubuhi vitanda kumi na kimoja vya Kituo cha Pumzi viliacha kupumua kwa mpigo mmoja. Kanisius Sikazwe alikuwa anapiga deki ukumbini, na alijua kabla ya mtu yeyote kusema neno, kwa sababu maji kwenye ndoo yake yaliacha kutetemeka.

Alisimama akayatazama. Miaka sita maji yale yalikuwa yanatetemeka. Akauegemeza ufagio wa deki ukutani taratibu, kama mtu ambaye habari mbaya hazimkuti tena akiwa na haraka.

"Mikono," akasema. Kisha kwa sauti: "Mikono, ndugu zangu. Kila mtu kwa mgonjwa wake."

Watu walikuwa wamekwisha kunyanyuka. Huku Bonde la Chumvi hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tangu ziwa likauke na upepo uanze kubeba chumvi yake mpaka vifuani mwa watu, sheria ya kwanza ya kituo ilikuwa hii: halazwi mgonjwa asiye na mtu wa kumvutia mkono. Ubavuni mwa kila kitanda palikuwa na mkono wa chuma, mfano wa ule wa pampu ya kisima. Ukiushusha, hewa inaingia kifuani, ukiupandisha, inatoka. Mtambo ukiwa mzima hakuna anayeugusa. Mtambo ukilala, ndugu wanavuta, na ili wasipishane kasi wanaimba wimbo wa palizi, ule wa polepole, wa jembe la jua kali. Asubuhi ile aliyeuanzisha ni mke wa Mwalimu Onesmo, wa kitanda cha tisa. Wengine wakampokea bila furaha yoyote.

Nesi Dafrosa alitoka chumba cha dawa akijifunga kilemba. "Mzee Kanisius, umeme upo. Taa zinawaka."

"Basi si umeme."

"Ni nini?"

"Ni kile nilichowaandikia."

Dafrosa akafumba macho kidogo. Barua ile aliijua, yeye ndiye aliyemnyooshea herufi. Kanisius aliishia darasa la saba, na hilo darasa lenyewe alilimaliza akiwa na ndevu. Barua ilikuwa na mistari minne. Iliingia ofisi ya Mratibu mwaka juzi, na mpaka leo ilikuwa bado imekaa kwenye trei, chini ya kalenda.

"Mkono unatia hewa," alisema nesi kwa sauti ya chini. "Hautii dawa. Kila kifua kina mchanganyiko wake na anayeujua ni mtambo peke yake. Ikifika jioni hivi, nitakuwa nimepoteza wawili. Labda watatu."

"Nimesikia."

Kitanda cha nne hakikuwa na mtu wa kuvuta. Bibi Sabina alikuwa amelala pale na kinyago cha hewa usoni, macho yamemtoka, mkono wa chuma umesimama. Kanisius akaushika akaanza kuvuta. Baada ya mivuto kama ishirini rangi ikamrudi bibi midomoni. Akakisogeza kinyago pembeni.

"Mwanangu yuko ofisini," alisema, akikata maneno kwa pumzi. "Anavuta simu."

"Acha kusema, bibi. Pumua."

"Nimepumua miaka themanini na moja. Naujua mtindo wake." Alimtazama. "Wewe mkeo alilala kitanda gani?"

"Hakulala."

"Kha."

"Aliitwa, sikusikia. Nilikuwa nasugua vyoo vya wageni." Alivuta. "Jina likashushwa. Siku tisa, basi."

Bibi Sabina akauliza: "Siku ile ya mgeni rasmi?"

"Siku ile ile."

"Mimi niliingia kesho yake," alisema bibi. "Mwanangu alikuja nyumbani jioni akasema, mama, fungasha, nafasi imepatikana." Akakirudisha kinyago mahali pake, na macho yake hayakumwacha Kanisius mpaka mpishi alipokuja kupokea mkono.

*

Chumba cha mtambo kilikuwa kidogo kuliko choo cha wageni, na hakijawahi kupewa feni. Skrini ilikuwa nyeusi, na mstari mmoja mweupe juu kabisa: HAKUNA MFUMO WA KUWASHA.

Kanisius alivuta stuli akakaa. Ndani ya kabati la chuma mlikuwa na diski mbili, ubavu kwa ubavu, kila moja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ya kushoto, KULWA. Ya kulia, DOTO. Aliyezipa majina ni Masanja, fundi wa Kisukuma aliyekuja na wafungaji, mtu mnene aliyependa kucheka. Aliona msafishaji anamtazama kazi kila siku akaona afadhali amfundishe kuliko kutazamwa bure. Hawa ni mapacha, alimwambia. Kinachoandikwa kwa Kulwa kinaandikwa kwa Doto, neno kwa neno, sekunde ile ile. Kulwa akifa, Doto anaendelea na hakuna atakayejua kuna msiba.

Ila kuna jambo. Mtambo ukiwa umezimwa haujui chochote. Haujui hata kwamba una kumbukumbu. Kuna kipande kidogo sana mwanzoni mwa diski, kinaitwa kiamshi, ambacho kazi yake ni moja tu: kuushika mtambo bega na kuuambia, amka, kumbukumbu zako ziko hapa. Mapacha wanagawana kumbukumbu. Kiamshi hawagawani, lazima umwekee kila mmoja cha kwake kwa mkono. Wafungaji walimwekea Kulwa, kwa kuwa Kulwa ndiye wa kwanza, na kila mtu alizoea hivyo. Masanja akasema, na Doto naye afundishwe kuamka. Wakubwa wakaangalia saa. Gari lilikuwa linangoja, hotuba zilikuwa zimepangwa. Masanja akasema tena. Akaambiwa apande gari. Ndilo jambo Kanisius aliloliandika katika mistari yake minne.

Sasa Kanisius alitega sikio kwenye kabati. Kulwa alikuwa anagonga. Tik, tik, kimya. Tik. Mwanzo wake ulikuwa umeharibika, pale pale palipokaa kiamshi. Na Doto mzima alikuwa amekaa pembeni na kumbukumbu zote, hajui kuamka.

Aliinua redio akawaita Makao Makuu. Alijibiwa na kijana mwenye sauti laini, sauti ya mtu aliyekunywa chai.

"Mzee wangu, rekodi inaonyesha mna diski mbili."

"Ndiyo."

"Basi hamna tatizo. Ndiyo maana ya mapacha."

"Hao mapacha mmoja mlimfundisha, mmoja hamkumfundisha."

"Rekodi inaonyesha usimikaji ulikamilika."

"Rekodi imelala kitanda gani?" aliuliza Kanisius.

Kijana akasema fundi angefika siku ya tatu, vumbi likiruhusu, na kwa sasa watumie diski ya akiba, maana rekodi inaonyesha walipokea diski ya akiba.

Boksi la diski ya akiba lilikuwa kwenye shelfu ya juu, na muhuri, na sahihi tatu. Kanisius alilishusha akalifungua kwa funguo za nyumbani kwake. Ndani mlikuwa na kipande cha tofali kilichofungwa vizuri kwa gazeti. Hakushangaa. Alilirudisha shelfuni kama lilivyokuwa, sahihi zikitazama nje.

Masanja hakuwa amemwachia mengi, lakini alimwachia flashi. Ilikuwa imening'inia kwenye kamba moja na funguo hizo, ndogo kama punje ya mahindi, imefungwa isiandikwe kitu kipya. Ndani yake mlikuwa na mfumo mdogo wa uokoaji, wa kuuamsha mtambo kwa mlango wa nyuma. Kanisius aliichomeka akabonyeza swichi, akangoja. Herufi zikaanza kuteremka.

*

Amri alizijua kwa mpangilio, kama mtu anavyojua sala ya lugha asiyoisema. Aliuambia mtambo uwakusanye mapacha. Mtambo ukajibu kwamba umempata mmoja. Kulwa yupo. Doto yupo lakini si pacha tena. Alitoka kwenye kundi.

Alitoka lini?

Kanisius alisoma tarehe kwa kidole, nambari kwa nambari. Mwezi wa sita, mwaka jana. Tarehe kumi na nne. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Akaondoa kidole kwenye skrini.

Ilikuwa siku ya mgeni rasmi. Usiku wa kuamkia siku ile walipaka ukuta rangi, na asubuhi wanaume wanne walilisukuma kabati kulirudisha mahali pake, likagonga ukuta. Taa ndogo ya kabati ikawaka nyekundu. Kanisius alikwenda kumwambia Mratibu. Mratibu alikuwa anafunga tai. Mgeni rasmi akiona taa nyekundu ataniuliza nini, alisema, hebu izibe. Kanisius akaomba plasta kwa Dafrosa akaiziba. Kwa mkono wake mwenyewe. Kipande kile cha plasta kilikuwa bado pale, kimegeuka rangi ya udongo. Alikuwa amekifuta vumbi kila asubuhi kwa miezi kumi na minne. Juma lile mkewe alikuwa nyumbani anakohoa chumvi, na yeye kichwani hakuwa na nafasi ya taa.

Kwa hiyo tangu siku ile Kulwa alikuwa anaandika peke yake. Doto alikuwa amesimama saa tatu na dakika arobaini, kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri.

Alimfungua Doto kwa kusoma tu, bila kumgusa. Hakuwa na nia yoyote ya maana. Alitaka kujua kama kumbukumbu ni nzima. Faili la kwanza alilokutana nalo lilikuwa Orodha ya Zamu.

Orodha ya Zamu haiguswi na mtu. Watu wote wa bonde waliambiwa hivyo. Mtambo unapima vifua na kupanga. Zamu ikifika, jina linaitwa kwenye spika mara tatu. Ndugu akiitika "Yupo," mgonjwa anaingia. Asipoitika mtu, jina linashuka chini kabisa. Kanisius aliambiwa, na akaonyeshwa kwenye skrini, kwamba jina la mkewe liliitwa tarehe kumi na nne, saa mbili kamili asubuhi, mara tatu, kimya. Na kweli saa mbili asubuhi ile alikuwa chooni, anasugua, maji yanapiga kelele.

Kwenye Doto, saa tatu na dakika arobaini, zaidi ya saa nzima baada ya wito huo, Genoveva Sikazwe alikuwa wa pili. Hali: hajaitwa. Ataitwa kesho.

Wa saba: Sabina Mwananzila.

Akasoma tena. Akafungua Kulwa, akasoma siku ile ile. Saa mbili kamili, ameitwa mara tatu, hakuitika, ameshushwa. Wa pili: Sabina Mwananzila.

Miezi kumi na minne alikuwa akilala chali anasikiliza maji ya choo. Alikuwa amejaribu kukumbuka, chini ya yale maji, kama kulikuwa na jina.

Halikuwepo.

*

Mratibu Fulgens Mwananzila aliingia bila kubisha. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mashati ya kupigwa pasi na macho ya kukosa usingizi. "Mzee, Dafrosa ananiambia unaweza."

"Naweza."

"Basi fanya. Unangoja nini?"

Kanisius hakugeuka. "Kulwa anakufa lakini ana kumbukumbu za leo. Doto mzima lakini ana kumbukumbu za mwaka jana. Nikimwamsha Doto peke yake, mtambo utawatia hawa dawa za watu waliokwisha kuzikwa. Kwa hiyo dawa ni moja: kumfundisha Doto kuamka, halafu kummwagia vilivyomo kwa Kulwa kabla Kulwa hajakata roho."

"Si ndivyo? Mwagia."

"Vya Doto vitafutika."

"Vya mwaka jana vina kazi gani?"

Kanisius akaigeuza skrini. Aliigeuza pole pole, kwa sababu waya ulikuwa mfupi.

Mratibu alisoma akiwa amesimama. Akasoma mpaka wa saba. Nje wimbo wa palizi ulikuwa umezorota. Kuna mtu alikuwa anaimba nje ya mpigo.

"Piga picha kama unataka," alisema Mratibu mwishowe. Hakusema kwa jeuri. Wote wawili walijua picha haina kazi. Mjukuu wa mpishi alikuwa anatengeneza picha za bandia za wakubwa wakipanda punda, na sauti zao juu yake. Baraza la Malalamiko lilikuwa limeacha kupokea picha, sauti, na karatasi. Lilikuwa linapokea kitu kimoja: diski yenyewe, na lakiri yake, ule muhuri wa kiwandani, haijaandikwa juu.

"Alikuwa mama yangu, mzee Kanisius," alisema Mratibu. "Alikuwa wa saba. Nilimpima mwenyewe, nikaona hafiki zamu ya saba. Mkeo kifua chake kilikuwa na nguvu kidogo. Niliona wiki moja zaidi ataivumilia."

"Aliivumilia. Alipitisha na siku mbili juu yake."

"Nilikosea."

"Ulikosea ukaandika kwamba mimi ndiye sikusikia."

Ile sura ya ofisi ikamrudia Mratibu kidogo kidogo, kama shati linalovaliwa. "Kuna watu kumi na mmoja mle ndani. Sasa unataka wao ndio walipe?"

Hilo ndilo lililomuuma. Si kwamba lilikuwa uongo. Wakubwa wanafanya, na wakishafanya wanakukabidhi kitambaa, na kila uchafu ukiutazama vizuri unakuta kweli lazima ufutwe, na anayejua kufuta ni wewe.

"Nenda kamvutie mama yako," alisema Kanisius. "Mpishi ana miaka sitini na tatu."

Alipobaki peke yake alitafuta njia ya tatu, na aliipata. Alimfundisha Doto kuamka. Alikiandika kile kiamshi mwanzoni mwake, mahali padogo ambapo hapagusi kumbukumbu wala lakiri. Kisha akaupanga mtambo uamke kwa mdomo wa Doto, usome kwa kichwa cha Kulwa, na wale wawili wasichanganywe. Kulwa angeweza kushika siku tatu mpaka fundi aje na diski mpya. Angeweza. Alijiambia neno hilo mara kadhaa huku akichomoa flashi.

Mtambo ukaamka. Ukutani, sakafuni, kila mahali pakaanza kunguruma. Ukumbini watu waliachia mikono ya chuma, wakatazama viganja vyao. Hakuna aliyeshangilia. Mke wa Mwalimu Onesmo alikaa chini palepale, mgongo kwenye mguu wa kitanda, baadaye akainuka akatoka nje kwa miguu ya mtu aliyebeba gunia.

Dakika kumi na mbili.

Kanisius alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha mtambo, anazihesabu, kisha nyuma yake akasikia tik, tik, tik, tik, tik. Mngurumo ukakatika.

"Mikono," alipiga kelele Dafrosa.

Watu waliruka. Kumi waliruka. Kitanda cha tisa hakikuwa na mtu wa kuvuta. Kanisius alikimbia kwa magoti yake mabovu, akateleza kwenye deki yake mwenyewe, akafika. Midomo ya mwalimu ilikuwa rangi ya wino. Alivuta. Alivuta mara kumi, mara kumi na tano, kifua kikawa kinapanda na kushuka kama mfuko usio na mwenyewe, na ilipofika kama mara ya thelathini mwalimu alikohoa, akakunja uso, akarudi.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha plastiki mkononi, maji yanamwagika kwenye khanga.

"Nilikwenda kunywa maji tu," alisema. Hakumwambia mtu yeyote. "Maji tu, jamani. Nilisikia kimya nikadhani..." Akaja akashika mkono wa chuma. Kanisius hakuuachia mara moja, na kwa mivuto kadhaa waliuvuta pamoja. "Nilikwenda kunywa maji tu," alisema tena mama yule.

"Najua," alisema Kanisius. "Si kosa lako. Nisikilize, mama. Si wewe."

Alikuwa amelisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Dafrosa alimgeukia.

*

Alirudi kwenye skrini akachomeka flashi tena. Kulwa alikuwa bado anasomeka, lakini kwa shida, kama mzee anayeulizwa jina. Nesi alisimama nyuma yake.

"Imebaki safari moja tu?"

"Safari moja. Akianza kumwaga asikatishwe. Vitanda vitaamka mara moja, kumwaga kutaendelea chini kwa chini. Kama saa moja na nusu." Alinyoosha kidole kwenye skrini. "Isome hii kabla sijafuta."

Dafrosa alisoma. Alikuwa mwepesi wa kusoma, alimaliza haraka, na baada ya kumaliza hakuondoa macho.

"Nitasema niliiona," alisema.

"Watakuuliza diski iko wapi."

"Nitasema pia iko wapi."

Kanisius akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Aliandika amri akaiacha bila kuipeleka. Swali likatokea: VILIVYOMO KWENYE DISKI YA PILI VITAFUTWA. ENDELEA? NDIYO AU HAPANA.

Kisha akainuka, akapita ukumbini mpaka meza ya nesi, ambako kulikuwa na kipaza sauti cha kuitia zamu. Hakuwahi kukishika, aliwahi kukifuta tu. Akakiwasha. Spika zote, za ukumbini na za getini wanakokaa wanaosubiri, zikakwaruza.

Waliokuwa wanavuta waligeuza shingo bila kuacha kuvuta. Kwenye kitanda cha nne Mratibu alikuwa amekunja mikono ya shati, jasho linamtiririka, anavuta vibaya, kwa mabega.

"Zamu ya pili," alisema Kanisius. Sauti yake ilimrudia kutoka getini, ngeni. "Genoveva Sikazwe, Mtaa wa Chini."

Akangoja muda ule unaongojwa siku zote. Mkono juu, mkono chini. Wimbo uliendelea kwa wachache, wengine waliuacha.

"Zamu ya pili. Genoveva Sikazwe, Mtaa wa Chini."

Wimbo ukafa wote. Vyuma tu vilibaki vinalia. Karibu wote walimjua marehemu. Wengine walikula ubwabwa wa arobaini yake. Mke wa mwalimu alikuwa anamtazama Kanisius kama anayetaka kumsaidia na hajui amshike wapi. Mratibu alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta.

"Zamu ya pili. Mara ya tatu na ya mwisho. Genoveva Sikazwe, Mtaa wa Chini."

Bibi Sabina alikishika kinyago kwa mikono miwili akakivua kabisa. Mwanawe alisema, mama, kwa sauti ndogo. Bibi hakumtazama.

"Yupo," alisema.

Pumzi ilimwishia hapo. Mratibu aliacha mkono wa chuma ili amrudishie kinyago, akakumbuka, akaushika tena, akabaki anafanya yote mawili kwa mikono miwili isiyotosha, mpaka Dafrosa alipokwenda kumshikia kimoja.

Kanisius alizima kipaza sauti. Alirudi chumba kidogo, akakaa kwenye stuli, akaisoma Orodha ya Zamu mara ya mwisho, ile ya saa tatu na dakika arobaini, mkewe akiwa mzima, wa pili, ataitwa kesho. Akaandika NDIYO. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda. Kikashuka.

Mtambo ukanguruma. Chini ya skrini pakatokea nambari: sifuri nukta moja kwa mia. Sifuri nukta mbili. Alibandua plasta kwa ukucha. Iliacha gundi, na chini ya gundi taa ilikuwa nyekundu, inapepesa, kama ilivyokuwa imepepesa siku zote.

Alikaa hapo mpaka ilipogeuka kijani. Kulwa aligonga mara nyingi, lakini hakukata roho. Mratibu alikuja mara moja, akasimama mlangoni, viganja vimemchunika. Akauliza aandike nini kwenye taarifa ya Makao, sehemu ya chanzo cha hitilafu.

"Mimi ni darasa la saba," alisema Kanisius. "Andika wewe."

Mratibu akaondoka, na nyayo zake hazikuelekea ofisini, zilielekea kitanda cha nne.

Saa sita Kanisius alirudi kwenye ndoo yake. Maji yalikuwa yanatetemeka. Sakafu aliyokwisha kuipiga deki asubuhi ilikuwa imekauka zamani, na chumvi ilikuwa imeshaanza kutua upya juu yake, nyeupe, nyembamba, imekanyagwa na nyayo za kila mtu. Akaukamua ufagio, akaanza tena kutoka mlangoni.